Namba ya Kitabu

Katika nyumba za Ngagara, mjini Bujumbura, mwanafunzi wa ukutubi huulizwa na wazee wake: kupanga vitabu nako kwataka shule? Kwataka, ndiyo maana Makerere inaifundisha kazi hiyo tangu mwaka 1963, na Dakar kwa Kifaransa. Katika mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876 na ungali ukitumika, Kifaransa kimepewa fungu zima la 440 pamoja na jamaa zake wachache. Lugha nyingi za Afrika zimesongamana katika namba moja, 496. Kiswahili ni 496.392. Mkutubi mvivu akizikata tarakimu zilizo baada ya nukta, kamusi ya Kirundi itachanganyika na za Kiyoruba na Kizulu, na mtoto aliyeagizwa na mwalimu wake atarudi nyumbani bila kuiona.