Daftari la Wiki: Mama Nani?

Sokoni Gakoromone, mjini Meru, kila mwanamke ni mama. Muuza ndizi humwita mnunuzi mama, naye mnunuzi humrudishia mama, hata kama mmojawapo ndiyo kwanza amemaliza shule. Adabu hiyo haimuulizi mtu ndoa wala watoto, nami naipenda kwa sababu hiyo.

*

Kijijini mambo hubana. Mwanamke akishajifungua, jina lake huwekwa kando, akawa Mama Mwenda au Mama Wanja. Heshima imo, tena ya dhati: mtu mzima haitwi hivi hivi kwa jina la utotoni. Upande wa Embu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa babake. Kwa hiyo Mama Wanja, kila aitwapo, huitikia jina la mkwewe.

Na aliyekosa mtoto je? Aliyemzika mwanawe wa pekee? Huyo hubaki “mke wa fulani” hadi mvi zinamjaa kichwani. Linaniuma hilo. Shangazi lipo, dada lipo, na jina lake mwenyewe lipo.

*

Majina yenyewe ni sifa. Kawira la Meru na Wawira la Embu yote yametokana na wira, yaani kazi: mwanamke mchapakazi. Makena ni mwenye furaha.

*

Agosti 2022 kaunti hizi mbili zilichagua magavana wanawake kwa mara ya kwanza, Kawira Mwangaza kule Meru na Cecily Mbarire huku Embu. Gazeti la Taifa Leo likawaandika Bi Mwangaza na Bi Mbarire. Bi ni ufupisho wa bibi, neno la asili ya Kiajemi lililotufikia kupitia pwani. Huku kwetu “bibi yangu” ni mke wangu. Kule Tanzania ni nyanya yangu. Bi limeepuka yote mawili: halisemi kama mtu ameolewa, halisemi kama amezaa, na hukaa mbele ya jina lake mwenyewe. Sijaona sababu ya kuliachia magazeti peke yao.

*

Vyama vya akina mama vimeuelewa zamani uzito wa jina la mtu mwenyewe. Nje ya mkutano wanaitana Mama fulani, lakini daftari la mweka hazina likifunguliwa, yanasomwa majina ya kitambulisho: Kawira, Rwamba, Nkatha. Mkopo hauandikwi kwa Mama Mwenda.