Usukani wa gemu usikudanganye

Kama hujawahi kugonga kitu tangu ununue usukani wa gemu, usijisifu. Huenda umeuseti vibaya.

Najua kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo. Nilipoacha chuo nikarudi Kutulo, nilikuja na laptopu na usukani wa mtumba, Logitech G29. Nyumbani wakasema nimeacha masomo nikaleta kitu cha watoto. Mimi nikaendesha malori ya Euro Truck Simulator 2 wiki nzima bila mkwaruzo, nikaanza kujiita dereva.

Kisha abti, mjomba wangu ambaye amesafirisha mizigo kati ya Wajir na Elwak miaka mingi, akaketi kujaribu. Akazungusha usukani kidogo tu, lori likakata kona nzima. Akacheka: "Hili si lori, ni bodaboda."

Alisema kweli. G29 huzunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Mimi nilikuwa nimepunguza ili nisichoke mikono. Basi nawe fanya hivi: rudisha 900. Funga usukani kwenye meza nzito, siyo ile ya plastiki inayotembea. Pedali ziegemeze ukutani, maana breki yake ni ngumu na ukiikanyaga kwa nguvu zitateleza. Punguza ule msaada wa kushikilia trela isipinduke. Washa uchovu, ili dereva wako alazimike kulala. Na uchague njia za Uingereza, kwa sababu kule wanaendesha kushoto kama sisi.

Jambo lingine: USB peke yake haitoshi. G29 ina waya wake wa umeme, na bila huo usukani hausukumi mkono wako. Kwetu tunatumia sola, kwa hivyo mimi hucheza mchana betri ikiwa imejaa.

Sasa utaniuliza, kujitesa kote huku ni kwa nini, na ni gemu tu? Kumbuka kitu kimoja. Hapa Kenya, mwanafunzi wa udereva hufundishwa sheria za barabara kwa kusukuma kigari kidogo juu ya ubao wenye mji wa mfano. Hakuna anayemwambia anacheza. Kwa nini basi kijana mwenye usukani, klachi na vioo vya pembeni aambiwe anapoteza wakati?

Lakini heshima hiyo haiji bure. Ukizima kila kilicho kigumu, wazazi wako wana haki ya kukuita mtoto. Na ubaya wake ni huu: siku utakapopewa lori la kweli, mikono yako itakuwa imezoea uongo. Uchovu ulioufungia kwenye gemu hauna mahali pa kuufungia usiku wa manane barabarani.

Nami sijidai. Gemu halina mchanga wetu, halina ngamia anayevuka ghafla, na halinipi leseni. Karo ya shule ya udereva bado naitafuta. Ila tangu nibadilishe seti, nimegonga kingo za barabara mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimeanza kufunga breki mapema.

Juzi abti alirudi kujaribu tena. Safari hii hakucheka. Alisema tu, "Angalia kioo cha kushoto."