Gofu la Kanisa Lisijengwe Upya

Wanafunzi wangu wakisikia kwamba kuna nchi inayolinda kwa sheria kanisa lisilo paa wala waumini, huuliza: mbona lisijengwe upya, au likabomolewa kabisa? Swali hilo si la kupuuzwa, kwani kutunza kuta kuukuu hugharimu fedha.

Hebu tulitazame kanisa la parokia la Mtakatifu Martin huko Wharram Percy, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ibada zilikoma mwaka 1949. Sehemu ya mnara ikaporomoka mwaka 1959. Leo gofu hilo liko mikononi mwa shirika la English Heritage, na sheria ya mwaka 1979 yakataza mtu kuligeuza pasipo kibali.

Katika kuta zake mna matao yaliyozibwa kwa mawe, na hapo ndipo penye utamu. Katika karne ya 12 na 13 watu waliongezeka, kanisa likapanuliwa kwa vipenu ubavuni. Watu walipopungua, vipenu vikabomolewa, matao yakazibwa. Tauni ya 1348 na 1349 ilichangia, lakini waliokimaliza kijiji ni wamiliki wa ardhi waliopendelea kondoo kuliko wapangaji. Mwanzoni mwa karne ya 16 nyumba zilikuwa tupu. Kanisa lilidumu kwa sababu parokia ilikuwa na vijiji vingine.

Sasa basi, anayetaka kuliezeka atalirejesha katika karne ipi? Akiyazibua matao, atafuta ushahidi wa kupungua kwa watu, ambao ndio unaolipa gofu thamani.

Nadhani lugha nayo hutupotosha. Gofu kwetu ni kitu kilichokwisha. Hata mtu aliyekonda huitwa gofu la mtu. Lakini Kiswahili kina neno jingine, hame, yaani mahali palipohamwa, nalo hutukumbusha wakazi. Maurice Beresford na John Hurst, waliochimbua Wharram Percy tangu 1950 hadi 1990, walikuwa wakitafuta hame: walifukua nyumba za wakulima, na kanisani na makaburini pake mifupa ya watu karibu 700.

Gede yetu pia, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ni hame. Walimu wanaowapeleka wanafunzi huko, baada ya kuwaonyesha msikiti mkuu na jumba la mtawala, wangewauliza waliokaa katika nyumba za udongo waliishi upande gani wa ukuta.