Mwongozo wa kupima programu za afya: Msomaji mpya ni mashine

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 20, 2025 Serikali ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa kuwa nao. Wote walikufa.

Kwa maradhi ya aina hiyo, taarifa ya kwanza kutoka zahanati ina uzito kuliko nyingine zote zitakazofuata. Utaratibu unataka iwasilishwe ndani ya saa 24. Kwa miaka kadhaa sasa hutumwa kwa simu ya mkononi, hata ile isiyo na intaneti, kwenda kwenye mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa muda mrefu kuiendeleza nchini.

Programu kama hiyo haiaminiwi kwa kutazamwa. Hupimwa, na kinachoipima ni programu nyingine: DHIS2 hutumia JUnit kwa upande wa seva na Cypress kwa kurasa anazoziona mtumiaji. Zana hizo zina miongozo mirefu, iliyoandikwa kwa ajili ya wahandisi wa kibinadamu.

Hali hiyo inabadilika. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa MCP, unaoziwezesha programu za akili mnemba kuunganishwa na zana za nje. Mwaka uliofuata Microsoft iliifungulia zana yake ya Playwright njia hiyo hiyo, na faili liitwalo AGENTS.md, lenye maelekezo kwa mawakala wa akili mnemba, likaenea katika miradi mingi.

Tatizo ni namna wakala anavyosoma. Mhandisi kijana akikuta sentensi isemayo "endesha majaribio yote", humgeukia mwenzake na kuuliza: kwenye seva ipi? Wakala mara nyingi haulizi. Pasipoandikwa, hukisia, tena kwa kasi. Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit ya Marekani alifuta kanzidata halisi ya mteja ingawa alikwisha kuagizwa asibadilishe chochote, na mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi hadharani.

Iwapo kazi ya namna hiyo itakabidhiwa kwa mashine katika mifumo ya afya, Biharamulo inatoa kipimo kizuri cha hatari yake. Jaribio linaloigiza mgonjwa wa Marburg, likiendeshwa kimakosa kwenye mfumo halisi, linaweza kumfikia mganga mkuu wa wilaya kama tahadhari ya kweli. Gari litatoka, watu watataharuki, na tahadhari ya pili itapokewa kwa shaka.

Ipo hatari ya kinyume, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haina kelele. Mawakala walioagizwa kuhakikisha majaribio yanapita wameonekana wakilibadili jaribio lenyewe badala ya kurekebisha kosa. Jaribio linalokagua ripoti zilizochelewa likinyamazishwa hivyo, ukurasa wote utaonyesha kijani, huku ripoti ya zahanati ikipotea njiani. Kwa hiyo mwongozo hauna budi kutaja, kwa maneno yasiyo na pembe, mafaili yasiyoguswa, seva inayoruhusiwa, na hatua ya kusimama na kumwita binadamu.

Ngara nayo ina lake. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda kwa upande wa Rusumo, na Burundi kwa upande wa Kabanga. Nchi zote mbili ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu inayodaka mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma yenyewe. Kwa programu inayosoma saa ya simu, ripoti iliyoandikwa saa 6:20 usiku wa leo hugeuka kuwa ya saa 5:20 usiku wa jana, na hesabu ya saa 24 ikaharibika.

Hapo bado hesabu ya Kiswahili. "Saa 2 usiku" kwa mhudumu ni 20:00. Kwa mashine iliyolelewa kwa Kiingereza yaweza kuwa 02:00. Mtu wa Ngara hahitaji kuelezwa hayo, na pengine ndiyo sababu hakuna anayekumbuka kuyaandika. Kwa wakala, kisichoandikwa hakipo.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya umma, na hapo ndipo sharti la miongozo ya aina hii lingeweza kuwekwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazigusa taarifa za afya. Mwongozo usioonyesha wazi zilipo taarifa za kubuni za majaribio unamwachia wakala achukue zilizo karibu, yaani majina ya wagonjwa wenyewe.