Uuguzi wa Majumbani Upimwe kwa Hali ya Mgonjwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nitoe rai yangu juu ya wahudumu wachache wanaopanda majabali ya Mabatini na Bugarika, hapa Mwanza, ambako gari halifiki, kuwauguza majumbani wagonjwa waliotoka hospitali ya Bugando. Ukaguzi wa kazi yao kwa kuhesabu ziara zilizoandikwa daftarini haunitoshi kabisa, kwani ziara huandikika hata mhudumu akiishia mlangoni, ilhali mgonjwa asiyejiweza, ikiwa jamaa zake hawakufunzwa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, huota vidonda mgongoni na nyongani. Mkaguzi na aitazame kwanza ngozi ya mgonjwa, kisha amwulize faraghani, kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha yake, kama anatendewa kwa staha. Nawasihi wakuu wa afya wa Nyamagana waanze hivyo.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mwanza