Mwenye usonji naye ana kauli yake

 

Ndugu Waislamu, Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) habari ya mwanamke mmoja wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimjia Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume alimwita kwa heshima, kama anavyoitwa mama wa mtu, akamtaka achague mwenyewe njia anayoipenda ili amtimizie haja yake. Kisha akasimama naye hapo njiani mpaka akamaliza. Haja yenyewe hatukuelezwa ni ipi. Wala hadithi haikutaja walii au jamaa aliyeitwa kuja kumsemea.

Tumeitanguliza habari hii kwa sababu ya suala ambalo visiwani kwetu bado linazungumzwa kwa kunong'ona. Watu wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, na wote ambao bongo zao hufanya kazi kwa namna isiyokuwa ya wengi, nani awasemee?

Usonji ni hali ya maumbile ya ubongo inayoanza utotoni. Hausababishwi na malezi mabaya. Mtoto mwenye usonji huenda akachelewa kusema au asiseme kabisa. Huenda akarudia neno moja mchana kutwa, akaziba masikio kipaza sauti kinapofunguliwa, au akalia kwa sababu njia ya kwenda skuli imebadilishwa. Mwengine husoma na kuhifadhi kwa wepesi wa kushangaza, lakini akashindwa kuamkiana na wageni. Katika mitaa yetu hali hizi hupewa majina ya dharau, ama hutiwa mikononi mwa mganga: ameingiliwa, amechezewa, azinguliwe. Kisomo na kombe hatukusudii kuvijadili leo, na dua ni silaha ya Muumini. Tunachokikataa ni mtoto kufungwa kamba na kupigwa kwa madai kwamba anayepigwa ni shetani.

Wenye hali hii wenyewe walianza zamani kujisemea. Mwaka 1993, mjini Toronto, Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaeleza wazazi kwamba kilio chao ni cha mtoto waliyemtarajia, na kwamba mtoto aliyezaliwa yupo hai mbele yao, anawahitaji. Miaka mitano baadaye Judy Singer wa Australia aliandika kuwa tofauti za bongo ni sehemu ya tofauti za wanaadamu. Hapa kwetu, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na mwaka 1999 ikafuatia jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD. Wazazi wamefanya kazi kubwa, nasi tunawaombea malipo mema. Hata hivyo mzazi husimulia anachokiona kwa nje. Namna sauti ya kipaza inavyochoma ndani ya kichwa, anayeijua ni mwenye kichwa.

Wapo watakaosema kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa mtu wa namna hii, basi ana kauli gani? Hapa pana kosa mara mbili. Kwanza, wenye usonji wengi wana akili timamu. Wanasali, wanafunga, wanafanya biashara, na hukumu ya mwendawazimu haiwagusi. Pili, hata huyo aliyenyanyuliwa kalamu ameondolewa dhambi na wajibu. Haki zake ziko pale pale. Aya ya madeni katika Suratul Baqara inapomtaja asiyeweza kueleza mambo yake, inamwamrisha walii wake aeleze kwa uadilifu. Vitabu vya faraidh vimevitaja vizuizi vya mirathi, na udhaifu wa akili haumo. Lakini ndugu wangapi hugawana nyumba ya Mji Mkongwe, na fungu la yule wa chumba cha ndani likaliwa kwa sababu "hajui kitu"? Hajui, au hajaulizwa? Wengine waliopita barazani kwao miaka kumi hawajui kuwa yumo.

Turudi chuoni, maana huko ndiko tunakowapokea watoto wetu na ndiko wanakofukuzwa. Chuo cha kale cha Unguja, mjini na mashamba, kilikuwa na sifa moja ambayo leo hatuikumbuki: kila mtoto alikuwa na juzuu yake na mwendo wake. Huyu yumo katika alifu, wa pembeni yake yumo Yasini, na mwalimu akimsikiliza mmoja baada ya mmoja. Aliyechukua miaka mitatu katika Amma hakuwa amefeli, kwa sababu hapakuwa na cha kufeli. Hatusemi kuwa vyuo vile vilikuwa pepo. Bakora ilikuwapo, tena nyingi. Lakini tulipoiga madarasa na mitihani ya skuli tuliuacha mwendo ule, na mtoto asiyekwenda na wenzake akawa hana pa kukaa. Ajabu ni kwamba skuli zenyewe zinajaribu kurudi huko. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikubali elimu mjumuisho, na Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaka washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu.

Ataulizwa vipi asiyesema? Kwa picha, kwa kuonyeshwa vitu viwili achague, kwa kutazamwa anapokimbilia na anapokimbia. Na wapo wakubwa, wanaosema au kuandika vizuri, walioyapitia hayo hayo utotoni. Hao ndio wa mwanzo kuulizwa. Kamati ya chuo inayotaka kumpokea mtoto mwenye usonji imtafute mtu mzima mwenye hali hiyo akae katika kikao chake, afundishe walimu. Kadhi na wagawaji wa mirathi wamsikilize mwenye fungu kabla ya kumsikiliza kaka yake.

Tarehe 2 Aprili ya kila mwaka ni siku ya usonji duniani. Maimamu wetu, Ijumaa iliyo karibu na siku hiyo, wanaweza kumpa nafasi baada ya sala kijana mwenye usonji, ikiwa mwenyewe anapenda, awaeleze waumini ni kitu gani msikitini kinachomfanya abaki na kipi kinachomfanya akimbie. Akiomba kipaza sauti kipunguzwe, kipunguzwe hapo hapo.