Shule zikifungwa, darasa linahamia nyumbani. Nyumba za Igawa ziko tayari?

Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari nchi nzima kwa sababu ya corona. Zilitajwa siku 30, lakini zikawa zaidi ya miezi mitatu. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wakarudi Juni 29.

Katikati hapo, masomo yalihamia hewani. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iliandaa vipindi vya redio na televisheni. Baadhi ya shule za mijini ziliwafundisha wanafunzi kwa WhatsApp na Zoom. Tuliambiwa mtoto ataendelea kusoma akiwa nyumbani.

Sawa. Ila nyumbani kwa nani?

Kalenda ya shamba haikufungwa

Chukua Igawa, pale wilayani Mbarali, barabara kuu ya kwenda Tunduma inapopita. Ni ukanda wa mpunga. Kuanzia Machi mpunga unatoa masuke na kwelea kwelea wanashuka mashambani. Kuamia ndege ni kazi ya alfajiri hadi jua kuzama, na wanaotumwa mara nyingi ni watoto. Mei na Juni ni kuvuna.

Yaani shule zilifungwa wakati ule ule shamba linahitaji mikono zaidi. Kipindi cha hisabati kikirushwa saa nne asubuhi, redio ipo nyumbani na mtoto yuko shambani na kombeo lake. Huyo si mvivu wala mzazi wake si mkatili. Wasipolinda mpunga, hakuna ada, hakuna daftari, na pengine hakuna chakula.

Mtoto wa kike ana mzigo wa pili. Hata akibaki nyumbani kuna maji ya kuchota, mdogo wa kubeba mgongoni na ugali wa mchana. Kipindi anakisikia kwa mbali, akiwa jikoni.

Simu ni moja, na inatoka na baba

Tunapenda kusema "siku hizi kila mtu ana simu". Kwanza, nyingi vijijini ni vitochi, hazifungui video. Pili, simu janja ikiwepo ni ya mzazi, naye ndiyo anayofanyia biashara na kupokelea hela. Baba akitoka asubuhi na simu mfukoni, darasa limetoka naye. Akirudi saa mbili usiku, chaji imekwisha na bando pia.

Kuna jingine tusilolisema sana. Shule zetu nyingi zinamkataza mwanafunzi simu. Mzazi ameaminishwa miaka yote kwamba mtoto akishika simu anaharibika. Halafu ghafla anaambiwa ampe, eti anasoma. Si rahisi kuamini.

Tatizo si letu peke yetu. Agosti 2020, UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali shule zilipofungwa.

Nani anauliza, "umeelewa?"

Hata hivyo, kifaa si kila kitu. Kuna nyumba zenye televisheni na sola ambazo mtoto hakusoma kitu. Kinachomkalisha mtoto kwenye somo ni mtu mzima anayemuuliza.

Hapo ndipo wazazi wengi wanakwama. Mama aliyeishia darasa la saba alisoma kwa Kiswahili. Mwanawe wa kidato cha pili anasoma fizikia kwa Kiingereza. Atamsaidiaje? Anaona aibu, ananyamaza, na mtoto anafunga daftari.

Mwenzake wa mjini, mwenye dada chuo kikuu na mwalimu wa tuisheni, anaendelea. Juni 29 wote wawili wakarudi shule na kupewa mtihani ule ule.

Kipo kilichofanya kazi

Wakati huo huo wa corona, watafiti nchini Botswana walijaribu kitu chepesi kwa familia zipatazo 4,500. Baadhi walitumiwa maswali ya hesabu kwa meseji za kawaida. Wengine walipata meseji pamoja na simu ya mwalimu mara moja kwa wiki, kama dakika 20, akiongea na mzazi na mtoto. Waliopigiwa simu walipanda kwenye hesabu. Hapakuwa na bando wala simu janja, kitochi kilitosha. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu anayefuatilia.

Zanzibar nayo ilishaonyesha njia kabla ya hapo. Miaka ya 2000, vipindi vya redio vya "Tucheze Tujifunze" viliwafikia watoto wadogo wakiwa wamekusanyika kwenye vituo vya mtaani, na mlezi kando ya redio. Nyumba isiyo na redio haikumzuia mtoto, maana darasa lilikuwa la jirani wote.

Kwa nini tuongee leo

Kwa sababu shule zitafungwa tena. Majirani zetu Uganda walifunga Machi 2020 na kufungua kikamilifu Januari 2022. Kenya ilichelewesha muhula wa pili mwaka 2024 kwa mafuriko tu. Mvua kubwa na magonjwa ya mlipuko havipigi hodi.

Mpango wa dharura kwa sehemu kama Igawa usianze na tableti. Uanze na maswali ya kawaida: watoto wanarudi saa ngapi kutoka shamba? Kipindi kinaweza kurudiwa usiku, watu wakiwa wanakula? Shule ina orodha ya namba za wazazi? Mwalimu atapewa vocha ya kuwapigia? Karatasi za maswali zinaweza kuachwa dukani au kwa mwenyekiti wa kitongoji?

Na mzazi, hata kama Kiingereza hukijui, swali moja halihitaji cheti: "Leo umesoma nini? Nieleze." Mtoto akijua jioni ataulizwa, mchana atafungua daftari.